Ova Moja ya Mabel Garside

Jumatano ya mwisho ya Mei, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Clem Garside alimaliza kupiga chokaa mistari ya uwanja wa kriketi wa Priory Lane, akasuuza brashi kwenye ndoo, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma kunywa chai. Alimkuta mkewe Mabel amesimama mezani akikata maganda ya mkate. Mabel alizikwa tarehe kumi na sita Februari.

"Viatu," Mabel alisema bila kugeuka.

Clem akavivua, akaviweka juu ya gazeti.

Ivy Tranter, ambaye alikuwa msaidizi wa Mabel kwa miaka tisa, alikuwa upande wa pili wa meza akipaka siagi. "Amefika saa mbili," alisema. "Nimemwambia amechelewa. Nahangaika peke yangu na matango tangu juzi."

"Nimekuja kwa miguu," Mabel alisema. "Basi la makaburini halitembei katikati ya wiki."

"Na kifua?" Clem aliuliza.

"Kimetulia. Hakuna tena cha kukohoa nacho."

Clem akakaa, akamiminiwa chai. Tangu Februari alikuwa akijipikia mwenyewe na haikuwa chai. Akanywa vikombe viwili, akavaa viatu vyake, akarudi kazini, maana mechi ilianza saa nne na nusu na rola ya kushindilia uwanja ilikuwa haijapita upande wa kanisa.

Jiko la Priory Lane liko nyuma ya jumba la wanachama, chini kwa ngazi nne. Lina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa banda la rola, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Upande wa uwanja hakuna dirisha. Mabel aliomba litobolewe miaka kumi na moja, moshi wa kikaango upate pa kutokea, na miaka yote kumi na moja kamati ilimjibu kwamba ombi limepokelewa. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa ukuta ule, ndani ya jumba, umetundikwa ubao wa mwaloni wenye majina ya marais wa klabu kwa herufi za dhahabu. Marais kumi na tisa. Kumi na saba walishakufa, na hakuna aliyekuwa tayari kuwasogeza ili mpishi apate hewa. Daktari aliandika kwamba Mabel amekufa kwa maradhi ya mapafu. Habari ya ukuta hakuiandika. Karatasi za daktari hazina mahali pa kuandika ukuta.

Kwa hiyo Mabel alilisha kriketi miaka thelathini na moja bila kuiona. Wanawake hawapiti mlango wa mbele wa jumba siku ya mchezo, hiyo ni kanuni ya kumi na nne. Na kwenye mabenchi ya umma asingeweza kwenda, kwa sababu mchezo ukiendelea kuna chakula cha mchana cha kuandaa, chakula kikiisha kuna vyombo, vyombo vikiisha kuna chai ya jioni, na chai ikiisha wachezaji wameshaoga wamekwenda zao. Wachezaji aliwajua kwa mikono iliyoingia kwenye kidirisha cha kutolea sahani. Kilichotokea uwanjani alikijua kwa makofi, na kwa Clem kumsimulia usiku wakivua soksi.

Kaunti ya Wexdale haikuwahi kutwaa kombe lolote tangu ianze kucheza. Kombe la mwaka ule lilikuwa la mtoano: siku moja, kila timu inapata ova sitini za kupiga, ova moja ni mipira sita, na ukishindwa umekwisha, panda basi rudi kwenu. Wexdale kwa kawaida walipanda basi mapema. Mwaka huo kura iliwapa wachezee nyumbani, dhidi ya kaunti moja ya pwani yenye wapigaji watatu waliokuwa wakitajwa kila siku redioni.

Ulipofika wakati wa chakula, Wexdale walikuwa taabani. Wapigaji sita walikuwa wametolewa kwa mikimbio sabini na miwili. Wageni waliingia chumba cha kulia wakicheka na kusukumana, wakala mkate wa nyama ya paja la nguruwe na haradali, wakala na keki ya zabibu. Walirudi uwanjani wakitembea wawili wawili, kofia mkononi, wakisemezana kwa sauti ya chini.

Mpira wa kwanza baada ya chakula ulipigwa kuelekea kwa mlinzi wa upande wa kanisa. Aliuokota, akautazama kwa muda, akaenda nao taratibu hadi kwa mrushaji, akamkabidhi kwa mikono miwili. Wexdale walikuwa wameshakimbia mara tatu. Ikawa hivyo hadi wakafikisha mia na tisini. Zamu ya wageni kupiga ilipofika, wapigaji wao wawili wa kwanza walikutana katikati ya njia ya kukimbilia.

"Tangulia, kaka," alisema mmoja.

"Hata, tangulia wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Hapana, siwezi kukupita leo."

Mlinda wiketi wa Wexdale, anayesimama nyuma ya vijiti, akaviangusha wakiwa bado wameshikana mikono, na mmoja wao akawa ametolewa. Wageni wote walitolewa kwa mikimbio tisini na minne. Nahodha wao, jitu la futi sita, alipokuwa akiondoka alimfuata Clem kwenye rola akampa mkono.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

"Asante," Clem alisema. "Ni wa Februari."

Ivy ndiye aliyelieleza jambo hilo, naye alilieleza huku akisugua sufuria. "Ni hiyo nyama. Wamekula chakula cha matanga. Sisi tulishakula chetu humuhumu Februari, tukalia, tukamaliza. Wao ndiyo kwanza msiba umewaingia."

Ilikuwa kweli. Timu nzima ya Wexdale ilikuwa kwenye mazishi, na nyama ya nguruwe waliila yote, Rudge nahodha akaongezwa mara mbili. Wakati ule waliomboleza vizuri na wakapona. Jambo hilo likazoeleka kwa siku moja, kama watu wanavyozoea saa ya mnara inayotangulia dakika tano.

Jioni ile vyombo vilipokwisha, Mabel alining'iniza kitambaa, akasema, "Clem, nataka kuona ova moja."

"Sasa hivi?"

"Siyo sasa, mzee, wameshakwenda. Mechi ijayo. Ova moja tu, mipira sita. Nilipokuwa hai nilidhani nafasi itapatikana. Nilikuwa nasema mwakani, mwakani."

"Si utoke tu, ukakae benchi la umma. Chakula cha mchana kikishaliwa, Ivy atashika vyombo."

"Nimejaribu leo asubuhi kabla hujaja. Nimefika pale kwenye kona ya choo cha wanaume, nikajikuta nimerudi hapa nimeshika kisu. Mlango wa mbele nao nimeugusa, mkono ukarudi wenyewe."

Clem akaelewa. Wafu wa Wexdale ndivyo walivyo. Wanakwenda pale walipokuwa wakikubaliwa enzi za uhai wao, basi. Baba yake Clem, aliyekuwa mchimba mawe, alionekana miaka mingi kwenye kituo cha basi na kwenye kilabu cha pombe, lakini benki hakuwahi kuonekana. Mfu akitaka kukanyaga mahali papya, lazima mwenye mahali aandike kibali na atie sahihi. Na mwenye Priory Lane, kuanzia roshani ya wanachama hadi benchi la mwisho lililovunjika mguu, ni kamati.

Basi Clem akaenda kwa katibu, Bwana Lumley, akasimama mbele ya meza yake. Kiti kilikuwepo.

"Garside," Lumley alisema, "mstari wa upande wa kanisa umepinda."

"Nitaunyoosha, Bwana Lumley. Nimekuja kwa habari ya mke wangu."

"Ndiyo, nimesikia amerudi. Vizuri sana. Ameanza upya au anaendelea?"

"Sijui, bwana. Amekuja tu."

"Basi anaendelea." Lumley akaandika mahali. "Upya kungekuwa na fomu."

"Anaomba kuona ova moja. Haombi roshani. Benchi la umma linatosha, mkimwandikia kibali."

Lumley akaweka kalamu chini. "Kibali kama nani, Garside? Kuna cha mwanachama, na mwanamke hawezi kuwa mwanachama. Kuna cha mgeni wa mwanachama. Kuna cha mtumishi, na mtumishi haruhusiwi kukaa mchezo ukiendelea."

"Ova moja ni dakika nne, bwana. Atasimama."

"Nitaliwasilisha."

Aliliwasilisha. Jumatatu ya kwanza ya Juni kamati ilikaa, ikanywa, ikajibu kwamba ombi limepokelewa. Watu wa namna hii hawakatai kitu. Mtu akikukataa unajua pa kusimama ukagombana naye. Wao wanapokea, wanapokea, mpaka unakufa.

Raundi ya pili Wexdale walipata tena kuchezea nyumbani, wakashinda. Mrushaji hodari wa wageni, ambaye magazeti yalisema mpira wake hauonekani kwa macho, baada ya chakula aliurusha polepole sana na kila mara alimuuliza mpigaji kama yuko tayari. Robo fainali ilikuwa Julai, nyumbani pia. Siku ile mwamuzi, ambaye alikula pamoja na wageni, aliinua mkono kabla ya mchezo kuendelea na kuomba watu wote wasimame kimya dakika moja. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Watu elfu nne wakasimama, wauza aiskrimu wakasimama, na Meja Fanshawe mwenyekiti wa kamati akasimama roshanini kofia kifuani.

Kule chini Mabel aliinua kichwa kutoka kwenye karai. "Kumenyamaza. Ni wiketi, ametolewa mtu?"

"Hapana, shoga," Ivy alisema. "Ni wewe."

"Ah." Mabel akarudi kwenye sahani zake.

Wexdale wakashinda kwa mikimbio themanini. Sasa ilikuwa imebaki nusu fainali, na mji mzima ulianza kutembea kwa uangalifu. Clem akaona wakati umefika. Hakwenda tena kwa Lumley. Alimfuata Dennis Rudge, nahodha, mtoto wa mwokaji mikate, mtu aliyekuwa akimsalimia mpaka mfagia choo.

"Wewe watakusikiliza," Clem alimwambia. "Unawashindia."

"Mama Garside kanilisha tangu nina miaka kumi na saba," Rudge alisema. "Twende. Aibu gani hii, kumnyima mtu ova moja."

Wakaenda wote wawili kwa Meja Fanshawe, wakamkuta roshanini na gazeti. Rudge alisema vizuri. Alisema chakula kikishaliwa kazi ya nyama imekwisha, hakuna hasara yoyote mama akitoka dakika nne. Alisema vijana wote chumbani wanaunga mkono. Meja alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja gazeti.

Hapa lazima lisemwe jambo moja. Watu wa kriketi wana desturi wasiyoitania hata kidogo: timu ikienda vizuri, hakuna anayehama pale alipo. Aliyekaa atabaki amekaa, aliyesimama atabaki amesimama. Miaka ile ya nyuma mwanachama mmoja alikuwa msalani wapigaji wa Wexdale walipoanza kupiga vizuri, naye alikaa humo saa mbili na nusu, akapitishiwa chai chini ya mlango, na hakuna aliyeona ajabu. Alipotoka, wiketi ikaanguka mpira uleule. Mpaka leo kuna watu hawamsemeshi mjane wake.

"Rudge," Meja alisema, "chumbani unakaa kiti gani?"

"Cha karibu na mabomba ya joto, Meja."

"Mechi zote za Kombe mwaka huu?"

"Zote."

"Ungekubali nikuhamishie kile cha mlangoni siku ya nusu fainali? Kwa dakika nne tu."

Rudge akatazama viatu vyake.

"Hapana, Meja."

"Basi. Bi Garside yuko jikoni na tunashinda. Mimi mwenyewe nimevaa soksi hizihizi tangu Mei, na mke wangu amehamia chumba cha wageni. Sote tunajinyima, Garside. Mwambie avute subira. Mechi zetu za hapa zikiisha, atazame ova zote anazotaka."

"Zikiisha, Meja, atatazama ova ya nani?"

"Usiwe mtu mgumu, Garside," Meja alisema, akafungua gazeti.

Wakishuka ngazi, Rudge alisema, "Samahani, mzee. Unajua lakini. Si unajua?"

Clem alijua. Yeye mwenyewe tangu Mei alikuwa akianza kukata nyasi kutoka upande wa kanisa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, lakini hakumwambia.

Jikoni alisimulia yote. Mabel alisikiliza akimenya mayai.

"Soksi zake nazijua," alisema. "Zinatangulia kufika kwenye kidirisha kabla ya mkono."

"Goma, shoga!" Ivy alisema. Alikuwa amesimama, kisu cha siagi hewani. "Jumatano usije. Waache wale biskuti. Tuone nani ataomba ruhusa."

"Nisije, nikae wapi?"

"Popote!"

"Popote wapi, Ivy? Nyumbani kwangu mwenye nyumba ameshaondoa jina langu mlangoni. Kanisani nakubaliwa Jumapili tu. Hapa ndipo ninapokubaliwa." Akamenya yai jingine. "Nikigoma sitaona ova, na jiko pia nitalikosa."

Ivy akakaa. Birika likachemka, Mabel akaliondoa motoni.

Nusu fainali ilichezwa katikati ya Agosti mbele ya watu elfu saba. Wageni walikuwa mabingwa watetezi. Walikula nyama yote wakaomba nyingine, na mchana ule wapigaji wao wanne walitoka uwanjani wenyewe kabla ya kutolewa, mmoja akisema haoni maana ya haraka, mwingine akisema anataka kumpigia mama yake simu. Wexdale wakaingia fainali kwa mara ya kwanza. Watu wakavamia uwanja, wakambeba Rudge mabegani, wakamkanyagia Clem kila alichokuwa amekitunza tangu Machi. Jikoni zilisikika kelele muda mrefu. Mabel akauliza, Ivy akamwambia, Mabel akasema vizuri, akaanza kukausha vikombe.

Fainali huchezwa London, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Kamati ilipiga simu kule kuuliza habari ya chakula. Ikajibiwa kwamba uwanja ule una wapishi wake, wana kofia ndefu, na chakula cha kutoka nje hakiingii langoni. Wakati huohuo Lumley, ambaye alikuwa mtu wa mafaili na asiyependa kuona jalada limebaki wazi, alikuta barua yenye maneno ya Meja, kwamba mechi za nyumbani zikiisha Bi Garside apewe ova. Zilikuwa zimeisha. Akaandika kibali. Siku aliyoijaza ni Jumamosi ya fainali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mlango wa mbele na roshani. Siku ile Priory Lane hapakuwa na mchezo, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Meja alikitia sahihi katikati ya karatasi za hoteli na mabasi bila kukisoma.

Clem alikuwa na nafasi kwenye basi la timu, kiti cha nyuma pamoja na mifuko ya magongo ya kupigia. Aliirudisha. Saa nne asubuhi ile mji ulikuwa mtupu, maduka yamefungwa, hata mbwa wamepelekwa London. Mabel alipanda ngazi za mbele amevaa koti lake la kanisani, akaonyesha karatasi, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Akagusa mlango. Mlango ukafunguka. Akafuta miguu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndani aliupita ubao wa mwaloni, akasimama, akaugonga kwa kidole sehemu ambayo kwa nyuma yake kulikuwa na jiko.

"Si mzito hivyo," alisema. "Watu wawili wangeuteremsha."

Roshanini alikaa kiti cha pili, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kimeandikwa jina. Akatazama.

"Kumbe pakubwa," alisema. "Nilidhani ni kama ua wa shule." Kisha, baada ya muda, "Umepatunza vizuri, Clem."

Clem hakuwa amewahi kuambiwa hivyo na mtu aliyeketi upande ule. Akawasha redio.

Redioni fainali ilikuwa imeanza. Wexdale walipiga kwanza wakatolewa wote kwa mikimbio mia na kumi na mmoja. Wakati wa chakula mtangazaji aliisifu nyama choma ya wapishi wa London, na wapinzani walioila walitoka wakikimbia kama sungura. Hakuna aliyemwambia mwenzake tangulia. Mabel alisikiliza akiutazama uwanja wa Priory Lane, na kila mtangazaji aliposema mpira umekwenda kushoto, macho yake yalikwenda kushoto, na kushoto hapakuwa na kitu isipokuwa nyasi na kunguru mmoja. Ilipofika saa kumi kasoro robo, Wexdale walikuwa wameshindwa. Clem akazima redio.

"Basi mimi sijaona," Mabel alisema.

Clem akashuka. Alikuwa na miaka sitini na tatu na mgongo wa rola. Akaleta vijiti kutoka bandani, akavisimika, akapima njia kwa hatua, akachukua mpira wa zamani. Akakimbia hatua nne, akarusha. Ukapita pembeni. Akaufuata, akaurudisha, akarusha wa pili. Wa tatu ulidunda mara mbili. Wa nne uligonga kijiti cha katikati, na roshanini yakasikika makofi ya mtu mmoja. Wa tano na wa sita ilibidi apumzike katikati yao.

"Ndiyo hivyo?" Mabel aliita kutoka juu.

"Ndiyo hivyo!"

"Miaka thelathini na moja nimekatia mkate jambo hili?"

"Kunakuwa na mpigaji!" Clem alisema, akihema. "Na walinzi tisa!"

"Basi hiyo si ova, Clem. Hiyo ni mzee anahangaika na mpira. Njoo ukae."

Akapanda, akakaa kiti cha tatu. Walikaa hivyo mpaka saa kumi na mbili wakizungumza habari za Ivy na goti lake. Saa kumi na mbili Mabel hakuwepo kitini. Clem alimkuta jikoni ameshavua koti.

Mkutano Mkuu wa klabu ulikuwa Novemba. Meja Fanshawe alisimama, miguuni amevaa soksi mpya, akaeleza kwa nini fainali ilipotea. Hakusema neno juu ya mikimbio mia na kumi na mmoja. Alisema kwamba kamati imechunguza, na imebainika kuwa siku ya fainali, kwa uzembe wa mtu asiyehitaji kutajwa, kuna aliyehamishwa mahali pake. Chumba kizima kikaguna. Mzee mmoja nyuma akasema, "Nilijua!" Clem aliyekuwa amesimama mlangoni na watumishi wengine alinyoosha mkono aseme. Akaambiwa hoja yake imepokelewa. Pendekezo likasomwa, likapigiwa kura, likapita bila wa kulipinga. Rudge naye aliinua mkono, akitazama dirishani.

Kitabu cha kanuni kilichapishwa upya Aprili. Asubuhi ya kwanza ya msimu Clem alikibeba jikoni. Mabel alikuwa amefika saa mbili, Ivy alikuwa amefika saa mbili na robo, na mkate ulikuwa mezani.

"Nisomee," Mabel alisema. "Mikono ina siagi."

Clem akasoma. "Kanuni ya kumi na nne. Wanawake, walio hai au vinginevyo, hawataruhusiwa kupita mlango wa mbele wa jumba, wala kukaa au kusimama mahali popote uwanja unapoonekana, siku ya mchezo au siku isiyo ya mchezo."

"Hiyo ya katikati. Rudia."

"Walio hai au vinginevyo."

"Vinginevyo ni nani?" Ivy aliuliza.

"Ni mimi," Mabel alisema. Akafuta mikono kwenye aproni, akakichukua kitabu, akakisogeza kwenye taa ajisomee mwenyewe, maana dirisha la ukuta halina mwanga wa kutosha kusomea. "Miaka yote hiyo hawajawahi kuniandika kwenye karatasi yao hata moja. Wa kufagia wameandikwa. Farasi wa rola, yule wa kabla ya vita, ameandikwa."

"Nitapeleka barua," Clem alisema. "Nitakwenda tena kwa Lumley leo hii."

"Nenda," Mabel alisema. Akamrudishia kitabu, kikiwa na alama ya siagi kwenye ukurasa wa kumi na nne. "Lakini kwanza niambie ni watu wangapi leo."

"Arobaini na wawili."

"Ivy, toa mikate mingine miwili."